Tatu niliiona nane

Ijumaa moja hivi, saa tisa mchana, watu wametoka msikitini wamekula ubwabwa wao wamejinyoosha kidogo ndo wanaanza kujikokota kuja kibandani kwangu. Nna kibanda cha steshenari hapa Ngamiani, natoa fotokopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti, na pembeni uwakala wa pesa wa mitandao mitatu. Akaja mzee mmoja mteja wangu wa siku zote, anauza machungwa ya Muheza pale kona na baiskeli yake, anataka amwekee mwanae laki na themanini, ada ya chuo, namba kaiandika kwa bik kwenye kipande cha boksi la sigara. Nikapokea, nikaingiza, jina likaja, nikamuuliza Juma? akanijibu ndio Juma, nikaweka namba ya siri nikamaliza kazi.

Nusu saa haijapita mzee karudi, mwanae hajapata kitu. Nikachukua kile kipande nikatoka nacho nje juani, nikakiangalia mara ya kwanza, mara ya pili, roho ikanipaa. Mwisho wa namba palikua na tatu, mimi nimeingiza nane. Juma aliyetokea alikua Juma kweli ila si Juma wake, na lile jina la ukoo linalofuata sikulisoma kabisa mana lilikua ukungu mtupu kwenye kioo cha simu, nimeona herufi nne za mwanzo zilizobaki nikazimalizia kichwani mwenyewe. Kupiga huduma kwa wateja, yule Juma mwingine kashatoa hela yote na simu kazima.

Mzee hakunifokea, afadhali angenifokea. Alikaa kwenye benchi akavua kofia akaiweka gotini akasema "sasa mama Zaituni, yule mtoto mimi nikamwambie nini", bas. Nimemlipa mwenyewe, elfu sitini sitini miezi mitatu, toka kwenye kamisheni ambayo ukiijua ilivyo utalia pamoja na mimi.

Na siku hiyo nilikua nimevaa miwani. Nalisema mapema mana kila ninaemhadithia ananiambia si ungevaa miwani, mwenzangu nilikua nayo puani, ya kusomea, ya mtaani, tena nishainunua ya pili.

Turudi nyuma kidogo. Macho yalianza kunisumbua nilipofika 43, sa hivi nna 46. Haikuanzia kazini, ilianzia jikoni. Siku zote mchele wa nyumba hii nachambua mimi, namwaga kwenye sinia nasukuma kwa vidole, kokoto huku mpunga huku, kazi ya dakika tano. Ikawa siku hizi mume wangu anatafuna mara kaaa, anatoa kijiwe anakiweka pembeni ya sahani hasemi kitu, kesho yake tena, siku ya tatu akauliza kwa upole kabisa "leo ni wali wa nazi au wali wa kokoto". Nikasema mchele wa siku hizi mchafu. Nikabadilisha duka. Nikagombana na muuza duka wa watu bure, Mungu anisamehe.

Alafu kazini nikaanza kukuza herufi kwenye kompyuta, barua ya mtu naichapa kwa maandishi makubwa kama tangazo la msiba alafu nikimaliza narudisha saizi ya kawaida. Karatasi nikawa nazisoma nimenyoosha mkono, nikirudi nyuma kidogo naona, nikisogea sioni. Dada zangu wakaniambia usivae miwani, ukishaizoesha macho yanadeka, kila mwaka utaongeza namba mpaka uvae chupa za soda. Haya maneno nimeyabeba miaka miwili mizima. Sio kweli. Kilichokua kinatokea ni kwamba ndani ya jicho kuna lenzi yake ya asili, ujanani ni laini, ukiangalia karibu inajikunja inanenepa yenyewe, ukifika arobaini na kuendelea inakua ngumu haijikunji tena kama zamani, na inaendelea hivyo uvae miwani usivae, mpaka kwenye sitini huko inatulia. Namba inaongezeka kwa sababu ya umri, miwani inasingiziwa tu.

Nikaamua kununua, nikaenda pale Soko la Mgandini kuna kijana anazungusha miwani kwenye boksi, zimepangwa kama samaki kwenye tenga, za jua juu za kusomea chini, kila moja ina kistika kidogo kwenye kioo, 1.00, 1.50, 2.00, mpaka 4.00. Elfu tano. Kaniambia mama chukua hii kali, 3.00, hii hutobadilisha haraka. Kanipa boksi la kiberiti nisome, nikasoma yote mpaka yale maandishi ya ubavuni, nikafurahi, nikalipa, nikaondoka nayo usoni kama mwalimu mkuu.

Hapo kuna kosa mbili na zote sikuzijua. Kosa la kwanza hiyo kali. Mimi nilidhani miwani ni kama dawa ya mbu, kali zaidi ndo nzuri zaidi. Kumbe hiyo namba ni umbali. Ukichukua 100 ukagawa kwa hiyo namba unapata sentimita ambazo kioo hicho kinakuonyesha bila jicho lako kusaidia chochote, 2.00 ni sentimita 50, 2.50 ni sentimita 40, 3.00 ni sentimita 33. Na jicho la miaka arobaini na kitu bado lina nguvu zake kidogo, kwaiyo ukimpa 3.00 unamvuta hadi puani. Ndo mana nilikua nasoma simu nimeinamia kama nainusa, na skrini ya kompyuta, ambayo iko mbali zaidi, sioni kitu, navaa navua navaa navua siku nzima.

Kosa la pili jua. Saa saba mchana Tanga unajua lilivyo. Mwanga ukiwa mkali mboni ya jicho inajibana inakua kitundu kidogo, na kitundu kidogo kinasafisha picha chenyewe hata kioo kiwe cha ovyo. Jaribu leo, toboa karatasi kwa sindano uchungulie maandishi madogo kwenye hicho kitundu bila miwani, utaona yanasomeka. Kwaiyo pale juani ningepewa hata kitako cha glasi ningesoma kiberiti. Usiku nyumbani, taa ya kuokoa umeme iko juu ya mlango, kiberiti kilekile kimegeuka ukungu. Sikuhizi mtu akiniambia anaenda kununua za mtaani namwambia jaribu kivulini, ndani ya duka la mtu, sio juani, na nenda na kitu chako unachokisoma kila siku ukishike vile unavyokishika kila siku.

Nikarudi kwa yule kijana, hakua na ubaya, akanibadilishia kwa kuongeza elfu mbili, nikachukua 2.00. Hiyo ikawa afadhali sana. Kompyuta kidogo, simu inasomeka, mchele ukawa safi ndani ya nyumba na mume wangu akashukuru. Ila jioni saa kumi na moja, kumi na mbili, kichwa. Hapa katikati ya nyusi, kama mtu kanibana kwa kibanio cha nguo. Nikawa nakunywa panadol nalala. Nikasema ni joto, ni moshi wa bodaboda, ni makelele. Miezi saba nimeishi hivyo, alafu ndo ikaja ile Ijumaa ya mzee wa machungwa.

Baada ya hiyo Ijumaa nikawa muoga, kila namba nairudia mara tatu mpaka wateja wananuna. Siku moja jasho limeniingia jicho la kulia, nikalifuta kwa ncha ya mtandio huku la kushoto linaendelea kusoma risiti, na nikashtuka. Risiti haisomeki. Namba zote ni nane. Tatu ni nane, sita ni nane, sifuri ni nane nyembamba. Nikafumba la kushoto nikaangalia kwa la kulia, linasoma, ila mistari imeota kivuli pembeni. Yani miaka yote macho yangu mawili hayajawahi kua sawa, la kulia ndo linafanya kazi la kushoto linasindikiza, na mimi sijui kwa sababu nani anakaa anafumba jicho moja moja akijipima? Nimekaa 46 sijawahi kufanya hivyo hata siku moja.

Nikasema sasa bas, naenda kupima, ntatoa hela ntavaa miwani ya kweli. Na hapa wale mnaosubiri niseme miwani ya kupimiwa dukani ndo jibu kuliko ya mtaani, subirini kwanza.

Nikaenda duka moja la miwani hapa mjini, silitaji, lina kiyoyozi na vioo kila upande. Kijana kaniweka kidevu kwenye mashine, ile unaona picha ya puto mwisho wa barabara, dakika mbili jicho hili dakika mbili jicho lile, ikatoa karatasi kama ya kupima uzito, bas, kipimo kimeisha. Hakunipa nisome chochote. Hakuniuliza nafanya kazi gani. Akaanza fremu, mama hii inakupendeza, mama sura yako ya duara, alafu akaniambia kuna lenzi ya kisasa, juu unaona mbali, katikati kompyuta, chini karibu, zote kwenye kioo kimoja, watu wa maofisini wanavaa hizi. Laki na sitini. Nikajiona na mimi mtu wa ofisini. Nikalipa.

Jamani. Hizo lenzi wapo wanaozivaa wanazipenda, nnamjua mwalimu mmoja hatoki bila yake, sizisemi vibaya. Ila mimi kaunta yangu iko juu, kabati la karatasi liko juu ya kichwa, na sehemu ya kusomea iko chini kabisa ya kioo, kwaiyo kusoma lebo ya juu nabinua kidevu kama kuku anakunywa maji. Pembeni ukiangalia vitu vinayumba. Ngazi mbili za kibanda nilizozipanda miaka tisa nikazikosa, nikaangukia ndoo. Nikarudi dukani wakaniambia utazoea mama, wiki mbili. Nikavaa wiki mbili, nikavaa ya tatu. Nikarudi tena wakasema lenzi ikishakatwa hairudi. Wahenga walisema rahisi ghali, haya, mimi yangu ghali ndo iliyonikalia kabatini na ile ya elfu tano ndo nikairudia kuivaa, na kichwa chake na panadol zake.

Ningeendelea hivyo mpaka leo kama sio kaka yangu wa Pangani.

Kaka yangu ana 58, yeye toka zamani ni mtu wa miwani za mtaani, kila akiona giza giza anaongeza namba, anazo nne kwenye mfuko wa shati zote za machinga. Mwaka jana alikuja Tanga, kaazima baiskeli kwenda sokoni, na huyu mtu kaendesha baiskeli toka hajaota ndevu, kagongwa na bajaji iliyotokea kushoto kwake, anaapa kwamba hakuiona. Dereva anaapa alipiga honi na alikua wazi kabisa pembeni yake. Wote wawili walikua wanasema kweli. Tulimpeleka hospitali kwa ajili ya goti, yule nesi mwenye akili zake akaona anavyokosa kikombe cha maji mezani kilichowekwa kwa pembeni, akamwambia mzee, kabla hujaondoka pita kwa watu wa macho. Ni presha ya macho. Mshipa wa fahamu wa jicho unaliwa pole pole, haiumi, haiwashi, haitoi machozi, inaanza kula pembeni katikati inakuachia, kwaiyo gazeti unasoma, Kurani unasoma, unajiona mzima. Jicho la kushoto lilikua limebaki kama mtu anaechungulia kwenye bomba. Kilichopotea hakirudi, wanachofanya ni dawa ya matone kila siku kisizidi kupotea.

Na miaka yote hiyo hakuna aliyeangalia ndani ya hayo macho. Machinga haangalii, sio kazi yake, yeye anauza kioo. Lakini sikiliza, na lile duka langu la laki na sitini nalo halikuangalia. Hapo ndo nikaelewa nilikua nashindanisha vitu vibaya, nilikua nashindanisha elfu tano na laki na sitini, kumbe zote zilikua kioo tu hakuna macho yaliyoangaliwa.

Daktari akatuambia hii kitu inatembea kwenye damu, ndugu wa tumbo moja waje wapimwe, na sisi watu weusi inatupata zaidi na mapema kuliko wengine. Nikaenda na dadangu, wiki hiyohiyo.

Kliniki ya macho ilikua foleni toka saa moja, nimetoka saa nane. Kijana aliyenipima mdogo, umri wa Zaituni wangu, ananiita mama kila neno. Kwanza ubao wa herufi, jicho moja moja. Alafu akanivika fremu ya majaribio, lichuma zito la duara kama kifaa cha fundi saa, anachomeka kioo anatoa anachomeka, "mama hii au hii, ya kwanza au ya pili", mpaka unachoka unataka umwambie yoyote mwanangu. Alafu akafanya kitu ambacho hakuna aliyewahi kunifanyia, aliuliza mama unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akanipa simu yake, akasema ishike kama uko kibandani unahudumia mtu, usinishikie kwa heshima. Nikaishika, akachukua rula akapima toka jicho mpaka simu, sentimita 42. Sasa kompyuta iko wapi, nikamuonyesha kwa mkono, sentimita 60. Akaandika yote.

Jicho la kulia plasi 0.50 na silinda 0.75. La kushoto plasi 1.25. Ya kusomea ongeza 1.50 kote. Silinda akanieleza hivi, kioo cha mbele cha jicho kinatakiwa kiwe cha duara kama mpira, changu cha kulia kimekaa kama yai, ndo mana mistari inaota kivuli, na miwani ya machinga haina silinda hata moja, hazitengenezwi nayo. Kwaiyo kwa kusoma kulia nahitaji 2.00 yenye silinda, kushoto 2.75. Zile nilizovaa ni 2.00 pande zote, mana za kununua tayari siku zote pande zote ni namba moja. La kushoto nilikua nalidhulumu.

Na kichwa? Akachukua rula tena akaiweka puani kwangu. Toka mboni mpaka mboni nikiangalia karibu ni milimita 55. Mimi macho yangu yamekaribiana, shuleni walikua wananiita bundi, sikujua siku moja nitakutana na hilo hospitali. Ile miwani yangu akaiweka kwenye mashine, katikati ya kioo hiki mpaka katikati ya kioo kile milimita 64. Anasema zinatengenezwa kwa sura ya wastani, wewe ukiwa mwembamba zaidi unaangalia kwa upande wa ndani wa kioo badala ya katikati, na kioo pembeni kinapinda mwanga kwa hiyo macho yanalazimika kuvutana kwenda ndani kila sekunde ili usione viwili viwili. Siku nzima yanavutana. Jioni kichwa. Namba ikiwa ndogo huhisi, ikiwa kubwa unahisi zaidi. Nilitaka kulia kwa zile panadol.

Alafu presha ya macho, nikapimwa, 15 na 16, akasema kawaida ni kati ya 10 na 21 ila namba peke yake haitoshi lazima tuone mshipa wenyewe, nikatiwa matone ya kupanua mboni nikakaa kwenye benchi nusu saa. Daktari akaangalia na taa yake kali, mshipa mzima, njoo kila mwaka kwa ajili ya kaka yako. Dadangu yeye hakutoka hivyo, kakutwa na dalili za mwanzo, kaanzishiwa matone siku ileile, na hakua na malalamiko yoyote ya macho, alikuja kunisindikiza tu mimi.

Usiende kupanuliwa mboni ukitegemea kurudi kazini. Nimetoka pale nje jua limenipiga kama mtu kanimwagia unga machoni, nimejifunika mtandio usoni kama bi harusi, dereva wa bajaji akanipa chenji nikamwambia niwekee mkononi mwanangu sioni hata hela. Kibanda sikufungua mpaka kesho yake.

Miwani nilitengenezewa ya kawaida kabisa, kila kioo na namba yake moja sio zile za tatu kwa moja, fremu ya plastiki ya bei ya chini ambayo kwa jasho la huku inateleza mpaka nimeifunga kamba. Akaiweka nguvu kidogo chini ya ile ya kusomea kabisa ili na kompyuta niipate. Kipimo na miwani yote ilinitoka elfu sabini na tano. Chini ya nusu ya ile ya kabatini. Na karatasi ya namba zangu nikaiomba, pamoja na ile milimita 55 iandikwe, mana yule kijana aliniambia mwenyewe mama hiyo ni yako sio ya kwetu, ukitaka nenda nayo popote. Nimeilaminisha.

Siku ya kwanza niliivaa nikaona meza imeinuka kidogo, siku ya tatu ikakaa sawa. Kichwa kiliisha wiki hiyohiyo. Yani kuisha.

Sasa msije mkasema mama Zaituni anawakataza za machinga. Mimi bado nnayo ile ya elfu tano, iko jikoni imening'inizwa kwenye msumari juu ya jiko la mkaa, ya mchele na kuondoa mamba ya samaki na kusoma unga umeisha lini muda wake, dakika kumi kumi huwezi kuumwa kichwa, na ikiyeyuka kwa moto nanunua nyingine silii. Mume wangu nae nilimpeleka akapimwa, macho yake yote mawili sawa, hana silinda, sura pana, ndani safi, kijana akamwambia mzee wewe kanunue tu 1.50 ya mtaani hela yako kalie chips. Anayo, inamtosha, anasomea magazeti ya michezo. Hivyo vioo havikuharibu macho hata vikiwa vibaya, vinakuumiza kichwa tu, vinakuchosha, na vinakufanya udhani umeshajitibu. Hilo la mwisho ndo lililomla kaka.

Kuna shangazi yetu alichuma chai huko Usambara maisha yake yote, na alipofika arobaini na kitu wakawa wanamkata kwenye uzito kwa sababu anachuma majani magumu, akaambiwa mvivu, akaacha. Binti yangu alinisomea kwenye simu kwamba wachumaji chai wa Assam kule India walifanyiwa utafiti uliotoka 2018, watu 751 wa miaka arobaini na kuendelea, nusu wakapewa miwani ya kuonea karibu nusu wakasubirishwa, waliopewa wakawapita wenzao kwa karibu asilimia 22 ya kazi. Nilikaa kimya muda. Shangazi hakua mvivu. Hakuna mtu aliyemwekea kioo cha elfu tano puani akamwambia hebu jaribu.

Kwaiyo mtu akija kibandani ananyoosha karatasi mbali namwambia fumba jicho moja, soma, haya fumba lingine. Yakiwa sawa na kichwa hakiumi, na katika ukoo hamna presha ya macho wala wewe huna kisukari, nenda Mgandini, chukua namba ndogo kabisa inayokutosha, shika miwani kwa mkono ulionyooka angalia fremu ya mlango kupitia kioo, itikise kidogo, mstari wa mlango ukipinda pinda kama nyoka irudishe chukua nyingine. Alafu kapimwe hata hivyo, hata kama sio mwezi huu. Yasipokua sawa usipoteze elfu tano yako. Na ukichungulia kwenye tundu la sindano bado ukungu haujatoka, hiyo sio habari ya miwani tena, wahi hospitali. Mwenye kisukari nae asinunue kioo wakati sukari inapanda na kushuka, namba inacheza na sukari, baba mdogo alinunua tatu kwa mwaka kila moja inafanya kazi mwezi.

Yule kijana wa miwani kanizoea sasa, nikimletea mteja ananiambia mama leo tena umekuja na mlango.

Mzee wa machungwa bado ni mteja wangu. Nilidhani atanihama, hakuhama. Ila siku hizi namba haandiki tena kwenye boksi la sigara, anakuja na daftari la mjukuu, ukurasa mzima namba kumi, kila moja kubwa kama namba ya mgongoni kwa mchezaji, na ile tatu ameikoleza kwa wino mwekundu. Ananinyooshea kwa mikono miwili. Na mimi napokea, navaa miwani yangu, nasoma kwa sauti moja moja mpaka mwisho, na jina mpaka la ukoo.